Debe la Viazi Lina Kichwa

Naro Moru,
Jumapili alasiri

Mwanangu Nyawira,

Sanduku lako limefungwa kamba na liko mlangoni, nawe umeshuka madukani kuwaaga wenzako. Kwa hiyo meza ni yangu, na jua bado lipo. Sitakuandikia juu ya sweta, wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa, wala juu ya kanisa. Hayo umeyasikia tangu ukiwa mgongoni, na yale ambayo hukuyashika mpaka leo hutayashika kwa barua. Nakuandikia kwa sababu juzi uliniuliza swali moja nami nikakujibu vibaya.

Ulikuwa na kalamu mkononi. Ukasema, "Mami, si uniambie tu debe moja ya viazi ni kilo ngapi, niandike, tumalize hii maneno?"

Nikakujibu, "Inategemea."

"Inategemea nini sasa?"

"Nani amelijaza."

Ukaiweka kalamu chini. Ukasema, "Ndiyo maana tunaambiwa chuoni wapishi wa zamani wanaficha." Ulikuwa unacheka, nami nikacheka, lakini usiku huo nilifikiri sana. Sikuwa nimeficha kitu. Ni kwamba sikuweza kulieleza jambo hilo nimesimama, mboga ikiwa motoni na wateja wa hoteli wakiita. Sasa nimeketi. Acha nijaribu.

Kwanza niseme kwamba ninajua kinachokusumbua. Ulikwenda Kerugoya kuiona ile shule ya wasichana utakayosimamia jiko lake. Mwalimu mkuu alikuonyesha jiko, akakuonyesha ghala, akakwambia kwamba mtu aliyekuwa na kazi hiyo kabla yako aliondoka baada ya siku ya wazazi, chakula kilipokwisha wazazi wakiwa bado wamesimama na sahani mikononi. Kisha akakwambia kwa upole kabisa, "Tutakuona siku ya wazazi." Na ulipouliza mizani iko wapi, yule mpishi mkuu wao, Mama Muthoni, alikujibu mbele ya wasichana wa jikoni: "Hapa hatuna mizani. Tuko na debe, tuko na kopo, na tuko na macho. Wewe kuja na kitabu yako, mimi nitakuja na macho yangu."

Uliponisimulia uliiga sauti yake vizuri hata nikamwona. Lakini niliona pia ulivyokuwa ukifungua na kufunga kitabu chako. Kitabu chako cha chuo kimeandikwa kilo na gramu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Viazi vitakuja kwa debe, kabichi kwa gunia, njegere kwa kikapu, mahindi mabichi kwa kuhesabu moja moja. Ukikosea kati ya kilo na debe, utakosea mbele ya wazazi wote wa upande ule wa mlima, na watakurudisha nyumbani. Na nyumbani kwenyewe, wewe na mimi tunajua, ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya hoteli. Sina shamba la kukuita urudi ulime. Nilicho nacho ni kazi hii ya jikoni, na ndiyo ninayokupa. Basi nataka nikupe sawasawa, pamoja na makosa yangu, maana vipimo vyangu vyote vimetoka humo.

Wajua kwamba nilizaliwa upande wa Arusha, kwenye mashamba ya kahawa, babu yako alikokwenda kutafuta kazi akiwa kijana. Huko ndiko nilikosoma, na ndiyo sababu Kiswahili changu unakiita cha redio. Shuleni tulifundishwa vibaba vinne kuwa pishi moja, na tukaimba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyetuuliza kibaba cha nini. Kibaba cha mtama ni kitu kizito mkononi. Kibaba cha mchicha unaweza kukipuliza kikaondoka. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaliona hilo.

Kule shambani msimamizi alitupimia posho kwa debe, naye alikuwa na kijiti kilichonyooka. Akijaza, anapitisha kijiti juu ya mdomo wa debe, kilichozidi kinaanguka. Mahindi, maharage, viazi, vyote vilipitiwa na kijiti. Nilikua nikiamini kwamba debe ni kile kilichobaki baada ya kijiti. Sikujua kwamba kuna watu wa namna nyingine.

Uhuru ulipokaribia tulirudi Gakindu, kwao babu yako. Nasema kwao, kwa kuwa mimi nilikuwa sijawahi kupaona. Ardhi ilikuwa imekwisha kupimwa na kugawanywa sisi tukiwa mbali, na jina la babu yako halikuwamo popote. Ndugu zake walitupa pa kulala. Hawakuwa watu wabaya. Lakini mtu anayelala kwa hisani hujitahidi sana kuonekana ana faida, na mimi nilijitahidi.

Mwaka huo huo binti wa shangazi yangu aliletewa mahari. Wanawake wa ukoo waligawana kazi tangu alfajiri. Mimi nilipewa viazi. Shangazi aliniambia, "Toa madebe matano kwa ghala, uwape wale wasichana wamenye." Kazi rahisi kabisa. Nikaingia ghalani na debe, na kijiti changu.

Mwanangu, nilikisawazisha kila kiazi kilichochomoza. Nilijivuna kwa kazi yangu. Madebe matano, safi, bila hata moja kuzidi jingine.

Kwa watu wa huku debe la viazi lina kichwa. Umezaliwa ukiliona hivyo, ndiyo maana hukulifikiria hata siku moja. Debe linajaa, kisha mwenye mkono anapanga viazi vikubwa kando kando ya mdomo kama mtu anayejenga ukuta, anajaza katikati, anapandisha tena mpaka juu panakuwa na kilele. Likipangwa na mtu anayejua, kichwa hicho ni kama robo ya debe lenyewe. Na yule anayehesabu mukimo wa wageni, viazi vya kupondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge, anahesabu pamoja na kichwa, bila kusema, kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Madebe yangu matano yalikuwa yamekatwa vichwa vyote. Ukivikusanya, lilikuwa limekosekana debe zima na zaidi.

Mukimo ulipondwa, ukapakuliwa, wazee wa upande wa bwana harusi wakala, vijana wao wakala, na wanawake waliowasindikiza walipofika kwenye sufuria walikuta mwiko unakwaruza. Shangazi yangu alinitazama. Akaenda ghalani mwenyewe, akaona kijiti. Alirudi nacho. Siku zote tulizungumza naye Kigikuyu, changu cha kuchechemea, lakini siku hiyo alinisemesha Kiswahili mbele ya wote, ili nijue mimi ni mgeni.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kusawazisha debe, tata," nikamwita shangazi kwa Kigikuyu.

"Kusawazisha! Ati kusawazisha! Wee msichana wa Tanganyika, tulikuambia unatupimia posho?"

Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni, huyo ni karani. Ameogopa tutaibia serikali."

Walicheka mpaka wageni wakacheka. Shangazi akawachomea wale wanawake nduma na viazi vitamu, akasema ndivyo ukoo wetu unavyowakaribisha wanawake, kwa chakula cha mkono. Aliiokoa siku. Nami baadaye jioni alinipa sahani yangu kama mtu yeyote, akasema kwa Kigikuyu kwamba debe lisilo na kichwa ni bati tu. Hakulitaja tena. Lakini jina la Karani lilinikaa mpaka nilipoondoka Gakindu.

Sasa sikiliza kosa la pili, maana hilo ndilo ninaloliogopa kwako zaidi kuliko la kwanza.

Nilipanda huku Naro Moru kutafuta kazi, nikapata jikoni kwenye kambi ya wapanda mlima. Nilikuwa nimeapa kwamba sitapungukiwa tena. Duka moja pale njiani lilikuwa na mizani, nikapima debe langu la viazi lenye kichwa, nikapata namba. Wakati ule zilikuwa ratili, lakini nitakuandikia kwa kilo nisije nikakuchanganya: kilo kumi na sita. Nikaishika namba hiyo kama mtu aliyepewa ufunguo. Debe ni kilo kumi na sita. Hakuna atakayenicheka tena.

Wakaja wageni, kiongozi wao akaagiza chakula cha juma zima mlimani. Miongoni mwa vitu alitaka kabichi iliyokatwa, madebe mawili. Nikafanya hesabu yangu: mara mbili, kilo thelathini na mbili. Nikanunua kilo thelathini na mbili za kabichi. Nilipoanza kuzikata, madebe mawili yakajaa, kisha la tatu, kisha la nne, na kabichi bado ziko chini zinanitazama. Nikafikiri nimekata vibaya. Sikufikiri kwamba namba yangu ni ya viazi. Nikafunga zote katika magunia, zikapandishwa.

Waliporudi baada ya juma, kijana mmoja mpagazi alikuja mpaka mlango wa jiko. Alikuwa mrefu, midomo imepasuka kwa baridi. Akauliza, "Ni wewe ulinibebesha kabichi mpaka kwa theluji?"

Nikaona aibu, nikauliza kijinga, "Kulikuwa na theluji nyingi?"

"Kulikuwa na kabichi. Theluji sikuiona."

Huyo alikuwa baba yako. Mungu amweke mahali pema. Ndiye aliyenifundisha mizani, si chuo chochote. Wapagazi walikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana na uso wa saa, ya kupimia mizigo kabla ya kupanda, ili mtu asibebeshwe zaidi ya mwenzake. Siku ambazo hakukuwa na wageni aliiazima kwa msimamizi wake, akaifunga kwenye boriti ya ghala. Mimi nikajaza, yeye akatundika na kusoma. Tulipima kila kitu kilichoingia jikoni mle msimu mzima. Watu walitupita wakauliza, "Nyinyi mnauza au mnachumbiana?" Baba yako akawajibu tunauza. Ukitaka kujua wazazi wako walichumbiana vipi, basi ni hivyo, tukipima karoti.

Haya ndiyo tuliyoyapata, na nimeyapima tena mara nyingi tangu kilo zilipochukua nafasi ya ratili. Ukitaka, yaandike katika kitabu chako, lakini uyasome kwanza kama barua.

Debe la viazi la kusawazisha ni kilo kumi na tatu hivi. La kichwa ni kumi na sita, likipangwa na mkono hodari. Viazi vidogo hujibana na kuongeza kilo moja. Vikubwa sana huacha nafasi tupu na kupunguza. Kisha unavimenya. Kwa kisu, katika kila kilo kumi utabaki na nane, na vikiwa vidogo utabaki na saba, kwa sababu kiazi kidogo ni ganda tupu. Kisha unavichemsha na kuviponda, na hapo ndipo wengi hushtuka: ile hewa iliyokuwa kati ya kiazi na kiazi imekwisha. Debe la kusawazisha likipondwa ni nusu debe tu. Usiogope ukiliona. Hakuna aliyekuibia.

Kabichi iliyokatwa nyembamba haizidi kilo sita kwa debe, na ukiipika inakuwa chini ya nusu debe. Majani ya malenge ndiyo waongo kuliko wote. Debe lililojaa bila kushindiliwa halifiki hata kilo moja na nusu. Likishindiliwa kwa ngumi ni kama mbili, na likichemshwa unalishika kwenye viganja vyako viwili. Ndiyo maana majani sikuyapimia kwa debe kamwe bila kusema limeshindiliwa au la.

Njegere zikiwa na maganda yake, debe zima hukupa makopo mawili ya njegere zilizopukuchuliwa, na vidole vyenye maumivu. Mahindi mabichi usiyapimie kwa debe, utapima magunzi. Hesabu mawili mazuri kwa kikombe kimoja cha bati, kile cha nusu lita, kikijaa punje.

Kuhusu kopo nataka tukae kidogo. Unakumbuka ulivyobishana nami kuhusu kopo la mafuta ya kupikia?

"Mami, imeandikwa hapa kilo mbili. Hata soma."

"Ni kilo mbili za mafuta."

"Kilo si ni kilo?"

Kilo ni kilo, mwanangu, lakini kopo si kilo. Kopo lile lile likijaa vitunguu vilivyokatwa lina kilo moja na kidogo. Likijaa njegere, karibu moja na nusu. Likijaa maharage makavu, kilo moja na robo tatu. Likijaa majani, hata robo kilo huipati. Nchi nzima imelifanya kopo hilo kipimo kwa sababu lina namba ubavuni, na sokoni watu wameongeza kichwa juu ya mahindi mpaka ile namba ikawa karibu kuwa kweli. Huko jikoni kwako utakuta makopo hayo kumi na zaidi. Usiamini maandishi yake.

Kwa mukimo wa siku ya wazazi, hesabu yangu ni hii. Debe moja la kichwa la viazi vibichi, makopo matatu ya punje za mahindi, na debe moja la majani ya malenge lililoshindiliwa, vikipondwa pamoja vinajaza debe moja la mukimo, pungufu ya vidole vitatu. Debe hilo linawatosha watu arobaini na tano wazima. Wasichana wa shule hula zaidi ya wazazi wao, kwa hiyo usiwahesabu kama watoto. Na watu wa Kerugoya hupenda kutia ndizi mbichi. Kitabu chako hakina, mimi nami nimezipika mara chache. Ninachokijua ni kwamba ukinunua mkungu, karibu nusu ya uzito ni maganda na lile shina lake. Zaidi ya hapo muulize Mama Muthoni, na umuulize kwa kutaka kujua kweli, maana kweli hujui.

Na huyo Mama Muthoni. Ulisema utampa wiki moja akuheshimu. Mimi nakuomba ufanye jambo moja dogo kabla ya wiki hiyo kuanza. Viazi vya kwanza vikifika, usiseme kitu juu ya kilo. Mwambie, "Mama, nijazie debe moja vile mnajazanga." Kisha simama uangalie mikono yake. Je, anajenga ule ukuta mdomoni mwa debe? Anatikisa debe chini mara ngapi? Kichwa chake kinaishia wapi? Yeye anayo namba, ila haikai mdomoni. Ukishaona, lichukue debe hilo hilo, bila kupunguza kiazi, ulipeleke kwenye kituo wakulima wanakouzia majani ya chai, siku ya kupima. Uliniambia kiko karibu na lango la shule. Karani wa pale ana mizani ya kuning'iniza, mwombe akupimie. Watu wa mizani hupenda kuombwa. Hapo utakuwa na debe la Mama Muthoni kwa kilo. Hilo ndilo debe la jiko lile. Langu la Naro Moru litakusaidia kukisia, lakini usipike kwa debe langu huko. Mimi nilipika Gakindu kwa debe la Arusha.

Hapa nilifikiri barua imekwisha. Nimeinuka, nimeongeza kuni, nimerudi. Kuna jambo ulilisema wiki chache zilizopita ambalo sikulijibu sawasawa, na ulikuwa na haki.

Ulikuwa umekaa pembeni ukiandika sahani zinazotoka hotelini na kinachobaki sufuriani. Jioni ukaniambia, "Mami, kila siku unapika robo zaidi. Kila siku. Nani anakula hiyo?" Nikakwambia, mpishi hapungukiwi. Ukasema, "Hiyo si hesabu. Hiyo ni woga."

Nilikasirika, nikajifanya naosha sufuria. Lakini nilihesabu kimya kimya siku zilizofuata, na ni kweli, ni robo. Ni kile kichwa cha debe. Nilikikata Gakindu siku moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikirudisha kila siku, kwa watu ambao hawakukidai. Nguruwe wa jirani wamenenepa kwa aibu yangu. Mwenye hoteli huninung'unikia, nami humwambia viazi vya siku hizi vina maji mengi, hupungua motoni. Sikuwahi kujua ninachofanya mpaka mtoto wangu mwenyewe aliponionyesha kwa kalamu.

Kwa hiyo ninapokupa vipimo hivi, nimevisafisha. Nimeondoa woga wangu kadiri nilivyoweza. Namba nilizokuandikia hapo juu ni zile tulizopima na baba yako kwenye boriti, si zile ninazopikia. Ukiona kupika kwangu kunatofautiana nazo, fuata boriti. Kwa jambo la kujua watu watakula kiasi gani, wewe umenishinda, na chuo kilichokufundisha kuandika kinachobaki kimekufundisha vizuri. Ongeza kidogo kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, kama kila nyumba ya huku inavyofanya. Kidogo, yaani kopo moja kwa kila debe. Usiongeze kwa ajili yangu.

Lakini nisikudanganye kwamba ukifuata haya hutapungukiwa kamwe. Unaweza kupungukiwa. Mvua inaweza kunyesha wazazi wakalala shuleni, au gunia likawa na viazi vilivyooza katikati. Ikitokea, fanya alivyofanya shangazi yangu: mtafutie mtu aliyesimama kitu cha kuweka mkononi kwanza, maneno baadaye. Nduma, ndizi za kuchoma, chai. Na asiwepo msichana wa jikoni atakayechekwa kwa sababu yako. Kosa la kipimo ni la mwenye jiko. Huyo ndiye wewe sasa.

Mwisho ni hili. Ulinialika nije Kerugoya siku moja kabla ya siku ya wazazi, nikusaidie jikoni, nikae karibu na viazi. Nilikubali upesi mno. Nimekuwa nikiwaza hata nguo ya kuvaa jikoni huko. Lakini nimeijua mikono yangu. Ukigeuka tu, nitatia debe moja zaidi, na Mama Muthoni ataniona, naye ataelewa kwamba mama yako hana imani nawe. Atakuwa amekosea, lakini hutaweza kumweleza.

Kwa hiyo sitakuja jikoni. Nitakuja siku yenyewe, asubuhi, nikiwa nimevaa vizuri, niingie kwa lango kama mzazi mwingine yeyote na kuketi uwanjani pamoja na wenzangu. Sitauliza ni madebe mangapi. Wakati wa chakula ukifika nitasimama kwenye foleni, hata nikiwa wa mwisho, nikiwa na sahani yangu.

Usitoke jikoni kuja kunipakulia wewe. Mwache msichana wa mwiko, asiyenijua, anipe kipimo anachompa kila mtu.

Mama yako